Helmeti Mbili, Jogoo Mmoja

Buzina alikuwapo. Huna haja ya kumuuliza, maana alilisema kabla hajaketi, akalisema akiketi, na akalirudia kahawa ilipomfikia. Alikuwapo siku mabwana wa Espora, kampuni ya kinywaji cha kopo chenye nembo ya jogoo, walipokuja kwenye uwanja wa vigari vidogo pale Interlagos wakamchukua Valdiney. Alisimama karibu nao hivi kwamba mmoja alimkanyaga kidole cha mguu, na kidole hicho mpaka leo kikimuuma, mvua inanyesha São Paulo nzima. Sasa Jumapili hiyo, mbele ya duka la mkate la Dona Creusa, kwenye benchi ambalo zamani lilikuwa siti ya nyuma ya basi, walikuwa wameketi watatu wa siku zote. Wa kwanza ni yeye Buzina, yaani Honi, dereva wa basi mstaafu ambaye enzi zake alipiga honi hata gari likiwa gereji. Wa pili ni Pincel, yaani Brashi, mchora malori, mtu wa maneno machache. Wa tatu ni Doutor, yaani Msomi, aliyesoma sheria muhula mmoja tu lakini huo muhula haujaisha mdomoni mwake. Hewani bado kulikuwa na harufu ya baruti, kwa sababu saa hiyohiyo walikuwa wametoka kupiga fataki. Diney, yaani huyo Valdiney, mtoto wa mtaa wao, alikuwa ameshinda mbio huko Ulaya, wameona wenyewe kwenye televisheni. Ndipo simu ya Doutor ikatoa mlio.

— Wamemwacha, akasema Doutor.

— Nani kamwacha nani?

— Espora. Wamemtoa Diney kwenye ile shule yao ya madereva. Imeandikwa hapa: "Tunamshukuru Val na tunamtakia kila la heri."

— Val ndo nani?

— Si huyo huyo Diney! Kule Ulaya walisema Valdiney linawavunja meno, wakalikata.

Dona Creusa alitoka mlangoni na themosi yake, kitambaa begani.

— Walikate wao kama nani? Jina lile nusu ni la Valdir, nusu la Ivonete. Mimi nilikuwa kwenye ubatizo, nilishika mshumaa. Wamebakiza nusu ya baba aliyekimbia, wakatupa nusu ya mama aliyelea!

— Ngojeni kwanza, Buzina aliruka, kahawa ikamwagikia suruali yake ya kanisani, ambayo kanisani yenyewe haijawahi kufika. Yaani wamfukuze mshindi? Leo hii? Kombe halijakauka mate aliyolibusu?

— Ndo walivyoandika.

— Soma tena, Doutor. Polepole. Wewe una muhula mmoja tu, huenda kuna neno limekupita.

— Neno halijanipita. "Matokeo hayakutosha." Hilo hapa.

— Hayakutosha! Mtu kashika namba moja! Walitaka ashike namba gani, sifuri?

— Wahenga walisema, Doutor akainua kidole, haraka haraka haina baraka.

— Doutor, ni mashindano ya magari!

— Ndiyo maana hana baraka.

Dona Creusa alimmiminia Doutor kahawa nusu kikombe, kwa adhabu.

— Mimi niambieni kitu kimoja, alisema. Hawa watu wa kopo walimtaka mtoto wetu wa nini, kama ni kumtema?

— Dona Creusa, sikiliza nikufunze, alisema Doutor. Espora wanauza kinywaji. Hawauzi magari. Lakini wanaokota watoto dunia nzima, wale wenye mkono mwepesi kwenye vile vigari vyembamba vya magurudumu nje. Wanawalipia kila kitu: gari, matairi, nyumba, ndege. Wanawavisha jogoo kichwani mpaka kisigino. Kila mwaka wanachuja. Mwaka huu walibaki wawili, Diney na yule kijana wa Denmark. Mmoja apande, mwingine ashuke.

— Na aliyepanda ni aliyeshindwa?

— Ndipo penye sheria sasa. Mkataba ule una kifungu cha...

— Acha kifungu! Buzina alipiga goti. Mimi nimeshaelewa. Hawataki mshindi. Wanataka mwenye kiu. Diney kinywaji chao hakinywi! Nani hajui? Kwenye kamera anashika kopo, ndani kuna maji. Nami simlaumu, lile dude nimelionja. Kopo moja, nikakaa macho siku nne. Nilinyoa ndevu, zikaota kabla sijaosha wembe.

— Siku nne?

— Siku ya tano nililala, lakini kwa kujilazimisha.

— Basi kosa si kiu, alisema Doutor, ambaye hakubali kushindwa na Buzina kwa nadharia. Kosa ni bati. Baba wa yule Mdenmaki ana kiwanda. Kiwanda cha nini? Fikirini. Cha makopo! Mtoto akifukuzwa, makopo hakuna, Espora watauza kinywaji kwenye nini, kwenye viganja?

— Umejuaje ana kiwanda?

— Uso wake. Ni uso wa bati.

— Nyote mnazunguka tu, alisema Dona Creusa. Mimi kwetu Bahia nilifuga kuku. Unajua kwa nini unaatamisha mayai mengi? Unataka jogoo mmoja. Mmoja tu wa kuwika. Waliobaki si kwamba wana kosa, waliobaki ni mchuzi. Hawa jamaa ndo hivyohivyo. Wanahitaji jogoo mmoja wa kuchora kwenye kopo. Na mama zao huku wanabaki na manyoya.

Buzina alianza kucheka, akaacha, kwa sababu hilo halikuwa la kuchekesha sana.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Doutor.

— Hiyo leo imekaa, alisema Buzina. Ya kwanza toka Pasaka.

Ndipo macho yao, bila kupanga, yakageuka yote kuliangalia friji. Friji hilo lilikaa mlangoni pa duka, jekundu, refu kuliko Pincel, na kwenye kioo chake kichwa cha jogoo kimepanua mdomo. Espora walilitoa zawadi kwa Dona Creusa mwaka waliomchukua Diney.

— Linatucheka, alisema Buzina.

— Ni friji, Buzina.

— Linatucheka, nakwambia! Mtoto wetu katupwa, na jogoo wao bado anawika mlangoni kwetu. Pincel, shika huko. Tuligeuze liangalie ukuta. Mimi zamani nilinyanyua basi peke yangu, lilikuwa na abiria, na kulikuwa na mama mjamzito wa mapacha.

Walishika. Wakasukuma. Friji halikusogea hata unywele. Kitu pekee kilichosogea ni mgongo wa Buzina, nao ulisogea upande ambao mgongo haupaswi kwenda. Mwishowe Dona Creusa alileta kitambaa cha meza chenye maua, akamfunika jogoo kuanzia upanga wa kichwani mpaka kidevu.

— Haya, alisema. Amekufa. Tuendelee.

— Mgongo wangu nao umekufa, alisema Buzina. Lakini hewala. Kwa Diney natoa mgongo.

Kanisa la jirani lilikuwa bado linaimba. Lina spika nne, mbili za kumsifu Mungu na mbili za kuliudhi duka la mkate, na ndiyo maana tangu asubuhi televisheni ya Dona Creusa ilionekana tu, haikusikika. Na kuonekana nako kulikuwa nusu. Upande wa kushoto ulikufa tangu Kombe la Dunia, pakabaki utepe mweusi, na majina ya madereva siku zote huandikwa upande huohuo. Lakini nani alihitaji majina? Waliyaona kwa macho yao magari mawili ya jogoo yakitangulia, moja likabana kushoto, jingine likapita kama risasi. Buzina alikuwa na kiberiti mkononi tayari. Lilipopita tu, alilipua fataki zote, hata zile za sikukuu ya Mtakatifu Yohana alizokuwa akizitunza.

— Mimi nina jambo jingine, alisema Doutor, akishusha sauti kama wakili anayetaka kuongezewa kahawa. Msilitoe nje ya benchi hili. Kule Ulaya kuna chumba. Ndani kuna gari lisilo na magurudumu, mbele ukuta wa sinema. Wanamkalisha mtoto anaendesha siku nzima haendi popote. Mnadhani ni mazoezi? Wananakili! Wananakili mkono wake, mguu wake, anavyokata kona. Wakishamaliza kumnakili, wa nini tena? Wanamtupa, wanamtia Mdenmaki ile nakala.

— Ee! Buzina alisimama, mgongo ukamkalisha. Ndiyo! Nimeona! Kona ile ya msituni, yule Mdenmaki kaikata kama Diney kabisa! Vilevile! Ukiwaweka pamoja huwezi kuwatenga! Wezi wakubwa!

Pincel, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesema maneno matatu, na moja lilikuwa "sukari", aliweka kikombe chini.

— Kumbe wanakata kona sawasawa.

— Sawasawa, kaka. Kama mapacha.

— Na magari yao?

— Rangi moja.

— Na helmeti?

— Nyeupe, jogoo mwekundu. Wote wawili.

— Basi wewe ulimjuaje Diney?

Kanisa lilichagua wakati huo huo kunyamaza. Buzina alikunywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu, lakini alikunywa.

— Kiwiko, alisema.

— Kiwiko gani?

— Kiwiko chake! Diney akiingia kona ya kushoto, kiwiko cha kulia kinainuka kidogo. Hivi. Kama kuku anayejipanga kuruka. Alikitoa kwangu. Alipokuwa mdogo alikuwa anapanda basi langu, anasimama nyuma ya kiti, ananitazama navyokata kona ya soko kwa magurudumu mawili. Abiria walikuwa wananilipa kisha wananiombea dua. Kiwiko kile nilimpa mimi. Hata angevaa gunia ningemjua.

— Buzina, alisema Pincel, kwenye gari lile dereva yumo shimoni mpaka shingoni. Kiwiko hakionekani.

— Chako wewe hakionekani! Cha Diney ni kirefu!

Doutor alicheka, Dona Creusa akacheka, lakini Pincel hakucheka. Alikuwa akiangalia vidole vyake. Vidole vya Pincel vina rangi ambazo hazijawahi kutoka, na kwenye kidole gumba kuna njano moja ambayo mtaa mzima unaijua.

— Ile helmeti yake niliichora mimi, alisema. Ya kwanza. Alikuwa na miaka saba, kichwa kinacheza ndani kama njugu kwenye debe. Nikamuuliza, nikuchoree nini, simba? Akasema hapana, nichoree bem-te-vi. Yule ndege wa kifua cha njano, wa kwenye nyaya. Nikamwambia, mbona ndege mdogo hivyo? Akasema, kwa sababu anaita "nimekuona vizuri". Nikipita, mama atajua ni mimi, atasema bem-te-vi, nimekuona vizuri.

— Tunaijua, Pincel, alisema Dona Creusa taratibu.

— Hapa kwetu hata mtoto wa kigari cha kukodi ana helmeti yake. Baba anampa mwana, mwana anampa mwanawe, rangi haibadiliki. Ukiwa juu kabisa jukwaani, watoto wa watu ni vidoa tu, lakini unamjua wako kwa rangi. Hawa walipomchukua, kitu cha kwanza walichomvua ni ile. Walisema kwenye shule yao kichwa ni cha kampuni. Mimi niliona ni heshima, nikawaambia sawa. Niliwafungia mwenyewe kwenye gazeti.

Alisugua ile njano kwa kidole kingine. Haikutoka.

— Leo nimekaa mbele ya televisheni ile tangu mwanzo. Mimi niliyemchorea. Na sikumjua.

— Lakini mimi nilimjua! alisema Buzina, na sauti yake ilipanda juu kuliko ilivyohitajika. Nilimjua, nikasema huyo! Si nilisema huyo? Si mlinisikia?

— Ulisema huyo, alikubali Doutor.

— Mkaamini?

— Tulitaka kuamini. Kwani wahenga walisemaje, macho hayana pazia...

— Doutor, nyamaza kidogo, alisema Dona Creusa. Ivonete huyo anakuja.

Mama yake Diney alikuwa anateremka mtaani na kandambili zake za nyumbani, simu mkononi, bado imewaka. Ni mwanamke mwembamba anayeshona mifuko ya viti vya magari, na ambaye hajawahi kuangalia hata mbio moja ya mwanawe. Siku za mbio huzima redio, huzima televisheni, huketi jikoni na kumenya viazi ambavyo hakuna atakayevila. Macho yake yalikuwa yamevimba, ila alikuwa akitabasamu. Wote wanne walisimama. Hata mgongo wa Buzina ulisimama.

— Dada Ivonete, tumesoma, alisema Dona Creusa. Keti. Kahawa imebaki kidogo, ni yako.

— Wezi wale! alisema Buzina. Jogoo wao tumeshamuua, angalia! Mshindi mzima kumtupa kama gunzi!

Ivonete, ambaye humwita Buzina kwa heshima na kwa jina lake halisi, alimwangalia kama asiyeelewa.

— Mshindi gani, Seu Altamiro? Diney hakushinda.

Dona Creusa aliweka themosi chini.

— Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Alikuwa wa kwanza, mwanangu. Alikuwa mbele. Wakamwambia redioni, mpishe mwenzako. Akauliza mara mbili, wakamwambia mpishe, wewe umeshathibitishwa kwa mwaka ujao, mwenzako ndiye anahitaji. Akabana kushoto, akampisha. Aliposhuka tu kwenye gari wakamwita chumbani, wakamwambia matokeo hayakutosha.

— Mungu wangu, alisema Dona Creusa.

— Asiyesikia la mkuu... alianza Doutor, kisha akakumbuka kwamba huyu alisikia, na guu likavunjika vilevile. Methali ikamfia mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aache chuo.

— Alikuwa analia, alisema Ivonete. Ameniambia, mama, hakuna mtu aliyeniona. Nilikuwa mbele, na hakuna aliyejua ni mimi. Nami nikamwambia, uongo! Mama yako haangalii, lakini masikio ninayo. Benchi walikuona. Walipiga fataki mpaka viazi vikaruka kwenye sufuria. Mtaa mzima ulikuona! Basi akanyamaza, halafu akacheka. Mara ya kwanza leo, akacheka.

Alimpa Dona Creusa simu amshikie, akajifuta uso kwa sketi.

— Sasa anataka kujua jambo moja tu. Nimemwambia nakuja kuuliza, yupo anangoja kwenye laini. Anauliza, fataki mlizipiga lini? Alipokuwa mbele, au alipopisha?

Dona Creusa aliangalia themosi. Doutor aliangalia simu yake, ambayo haikuwa na lolote la kumwambia. Pincel aliangalia kidole gumba. Kwa hiyo wote, mmoja baada ya mwingine, wakamwangalia Buzina, maana ndiye aliyekuwa na kiberiti, na ndiye aliyekuwa na kiwiko.

Na Buzina alikuwa nalo jibu. Lilikuwa moja tu, neno dogo, "mbele", nalo lilishafika kwenye ulimi. Mtu aliyewahi kunyanyua basi lenye mama wa mapacha angeshindwaje neno moja? Alifungua mdomo. Akamwona Ivonete amesogea ili asikie vizuri, ameegemeza sikio kama vile Buzina ndiye simu.

— Dada Ivonete, alisema.

— Naam.

— Kile kiwiko...

— Kiwiko gani, Seu Altamiro?

— Nilikitunga.

Ivonete hakuelewa, kisha akaona nyuso, akaelewa fataki zilipigiwa nani. Aliichukua simu mkononi mwa Dona Creusa, akaiweka sikioni, akafungua kinywa, akakifunga.

Juu ya waya wa umeme, mbele kabisa ya duka, ndege mmoja wa kifua cha njano alitua, akajikung'uta, akaliita jina lake mtaa mzima ukasikia: bem-te-vi! Bem-te-vi! Nimekuona vizuri!

Pincel aliinua kichwa.

— Na wewe ni mwongo tu, akamwambia yule ndege.